Wewe, Kitu Kibaya

Mama yangu aliniita kitu kibaya utoto wangu wote, na sikuwa na shaka hata siku moja kwamba alinipenda. "Wewe kitu kibaya, kuja kula." Hivyo ndivyo nilivyoamshwa, nilivyotumwa maji, nilivyofunikwa blanketi nikiwa na homa. Jirani akisema nimekuwa mrefu, mama alimkatiza upesi: "Murefu wapi? Ni miguu tu, kichwa haina kitu." Jirani alicheka, kwa sababu naye nyumbani alikuwa na mtoto wake, mvivu kupindukia, mwenye masikio makubwa, aliyempenda kama mboni ya jicho.

Tuliishi Kadutu, na mama aliuza maharage sokoni. Kwa maharage maneno hayakumwishia. Haya yamekomaa, haya yamesinyaa, haya yameota madoa, haya yanaiva upesi. Ukimsikiliza vizuri, karibu kila alichokieleza kilikuwa kinatenda jambo. Watu pia. Mtu amekonda, amenenepa, amechoka, amechangamka. Hali ilimjia mtu, kisha ikamwacha akaendelea na safari yake. Ng'ombe wa wengine aliwasifu, mvua aliisifu, kikwembe cha jirani alikisifu mpaka jirani akaona haya. Ila uzuri wa mtoto wake aliye hai hakuutaja. Kuutaja ilikuwa ni kukionyesha kifo mlango wa kuingilia.

Najua hivyo kwa sababu ya kaka yangu. Aliitwa kilema, aliitwa mlafi, aliitwa mzigo, naye alikuwa kijana mnyoofu anayekula kidogo. Surua ilimchukua akiwa hajaanza kuota ndevu. Siku ya kumzika mama alikaa chini, akafungua mdomo, yakatoka yote aliyokuwa ameyaficha: mzuri, mwepesi, mwenye kusikia, mwenye mikono safi. Nilishangaa kuliko nilivyolia. Ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kaka yangu alikuwa mzuri.

Baba alikuwa ameshafariki zamani, na mwenye neno juu yangu alikuwa baba mdogo. Yeye alikuwa amenipatia mume: mjane wa huko Mudaka, mwenye mashamba ya migomba na watoto waliolingana na mimi. Bia ya kwanza ya posa ilikwisha kunywewa. Kulikuwa na tundu moja tu la kutokea. Watawa waliokuwa na shule upande wa Ibanda walichukua wasichana wachache kuwafundisha ualimu, wakilala hukohuko, na baba mdogo hakuthubutu kubishana na misheni. Mtihani niliushinda. Lililobaki ni mtawa mkuu, mamere kama tulivyowaita wote, kuzungumza na mzazi.

Tulishuka Ibanda kwa miguu, mama amevaa kikwembe cha Misa, mimi viatu vya kuazima vinavyonibana vidole. Chumba cha wageni kilinuka nta. Madirisha yalitazama ziwa, lakini yalifungwa, na viti vilikuwa vya juu hata miguu ya mama haikugusa sakafu vizuri. Alikaa ukingoni, mikono mapajani. Nilikatazwa kusema mpaka niulizwe.

Mamere alikuwa mwanamke mwenye subira, na Kiswahili alikijua. Katika masomo ya kujiandaa na mtihani tayari alikuwa ametufundisha maneno yao ya kumweleza mtu: sage, propre, appliquée, yaani mtulivu, safi, mwenye bidii. Maneno yale hayakupita kama yetu. Ukishabandikwa moja, limekaa, kama karatasi kwenye chupa ya dawa.

"Maman," alisema, "munielezee huyu mutoto. Iko namna gani?"

Sikuwa nimewaza kabisa kwamba angeuliza hivyo, na mbele yangu.

"Huyu?" mama alisema, akanitazama kama mtu anayetazama haragwe lililotobolewa. "Iko muvivu, mamere. Anavunja masahani. Kupika hajui. Uso yake munaiona mwenyewe. Mukamate tu kama munapenda, haiko kitu."

Alisema vizuri kuliko siku zote. Alikuwa amenitetea kwa nguvu zake zote, maskini, mbele ya mgeni mkubwa kuliko wote aliowahi kukaa nao. Na kila neno lilikuwa likinirudisha Mudaka. Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini? Kwamba mimi ni hodari? Mtoto anayejisifu mwenyewe, mama yake akiwa amekaa pale? Nilitazama dirisha lililofungwa nikahesabu nimekwisha.

Mamere aliweka kalamu chini. Hakukasirika, alihuzunika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Maman, kama iko vile, siwezi kumukamata. Nafasi ni kidogo. Mama yake mwenyewe anamukataa, miye nitafanya nini? Muniambie kweli. Huyu mutoto iko muzuri, ao iko mubaya?"

Mama aligeuka akanitazama, safari hii taratibu, kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu. Niliona ameelewa. Niliona pia anapima, kama anavyopima maharage kwenye kopo, akisawazisha juu kwa kiganja. Upande mmoja mjane wa Mudaka. Upande wa pili, sikuujua bado.

"Iko muzuri," mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Iko mwepesi. Anasikia. Mikono yake iko safi."

Kisha machozi yakamtiririka, akayaacha yatiririke, na mwili wake ukaanza kuyumba mbele na nyuma, kama siku ile ya kumzika kaka yangu. Mamere alimshika bega. Alidhani ni furaha. Aliandika jina langu.

Njiani tukipanda Kadutu mama hakuniambia neno. Nilijaribu kumchokoza, nikajikwaa makusudi, nikangoja aniite kipofu. Alinishika mkono tu, tukaendelea.

Shuleni nilikuwa propre, nilikuwa appliquée. Baba mdogo alimrudishia mjane bia yake kwa manung'uniko. Nilipata nilichokitaka, na usiniulize kama nilijuta, sikujuta. Lakini niliihesabu miezi mpaka likizo kubwa, kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani nikatukanwe.

Mama alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Alinipa kiti. Chai alinimiminia kwenye kikombe chenye maua, kilichokuwa cha wageni na cha padri. Jirani alipoingia na kusema nimependeza, nilimtazama mama, nikangoja. "Ndiyo," alisema kwa adabu, macho yakiwa chini. "Iko muzuri."

Basi siku ya pili nikaomba kupika. Niliyaunguza maharage, kusudi, yale maharage yake mwenyewe aliyoyachagua moja moja, mpaka moshi ukajaa jikoni na chungu kikashika weusi. Bugali niliuacha na madonge mabichi. Nikamtengea, nikakaa mbele yake, nikamwomba Mungu.

Mama alimega tonge. Alitafuna taratibu, akameza, akajipangusa midomo.

"Iko muzuri, mwanangu," alisema. "Aksanti."