Mawe Tisa Niliyoyazoa

Mjukuu wangu wa kike ana akili. Nalisema mapema ili tusibishane. Alikuwa na miaka kumi, na shuleni walimfundisha Go: ubao wa mistari, mawe meusi na meupe, unamzingira mwenzako mpaka akose pa kupumulia. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kule Uvira nilicheza kisoro, ule mchezo wa kete na mashimo, na wanaume walinikimbia. Kwa hiyo najua akili ile imetoka wapi. Si kwa baba yake.

Jumamosi moja ya theluji, huku ugenini, tukatoka kwetu Columbia Heights, basi mbili na treni, mpaka ukumbi mmoja Saint Paul. Mwalimu Mkorea alikuwa amekuja kushindana na kufundisha. Mwanamke kijana, mdogo kuliko begi lake.

"Kazi yake nini?" nikauliza.

"Kucheza, Koko." Koko, yaani bibi, ndiye mimi.

"Nimeuliza kazi."

"Ndiyo kazi yenyewe!"

Jana yake alikuwa amewafagia wanaume wote. Leo angecheza na watoto wanane kwa pamoja, akizunguka meza hadi meza. Mtoto atakayemshinda angefundishwa naye mwaka mzima, kila Jumamosi, kwa kompyuta. Mjukuu wangu wiki nzima alikuwa hali vizuri kwa kuwaza hilo.

Kabla ya kuanza, kila mtoto akapanga mawe meusi tisa ubaoni.

"Ya nini hayo?"

"Ya kunisaidia. Yeye ana nguvu kuliko mimi."

Damu ikanipanda. Msaada! Katika kambi ya wakimbizi tulikula msaada miaka mingi, unga wenye wadudu, na hapa tena? Nikanyoosha mkono, nikayazoa yote tisa, nikayarudisha kwenye bakuli.

"Huyu ana mikono miwili kama wewe," nikamwambia Mkorea kwa Kiswahili. "Anzeni sawa."

Mwalimu akamtazama mtoto. Neno moja tu na mawe yangerudi. Lakini tumemlea vizuri: mbele za watu hampingi mkubwa. Akaweka jiwe lake la kwanza bila kunitazama.

Nikasimama nyuma yake kumpa moyo, maana kwetu mchezo bila kejeli ni matanga. "Mfunge huyo! Mkorea, jasho linakutoka!" Mzee mmoja akaniwekea kidole mdomoni. Mdomo wake, bahati yake.

Nusu saa haikuisha, ubao ulikuwa mweupe kama nje, kwa mawe ya Mkorea.

Mtoto akaenda kujificha kwenye makoti yaliyotundikwa. Nikamfuata na mandazi, akayakataa.

"Koko, hata wakubwa wanachukua yale mawe. Yule mzee uliyemkasirisha, jana alichukua manne. Mimi nimejizoeza na tisa miezi mitatu!" Akaongeza jambo kwa Kiingereza. Sikulielewa, lakini nilistahili.

"Basi njoo unitafsirie. Nimwambie kosa ni langu."

"Nenda mwenyewe."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa amekaa peke yake na chai. Sina Kiingereza, yeye hana Kiswahili. Nikamsogezea mandazi. Nikachota mawe meusi tisa, nikayapanga ubaoni moja moja, kila jiwe ndani ya chumba chake, kama kete shimoni. Nikajipiga kifuani: mimi. Nikaonyesha makoti: si yule.

Akatafuna andazi, akifikiri. Kisha kwa kidole kimoja akalisukuma jiwe la kwanza taratibu, mpaka mistari inapokutana. La pili. La tatu. Yote tisa nilikuwa nimekosea, na hakucheka hata kidogo. Halafu akamwita mtoto kwa mkono, akamwambia jambo kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema tuanze upya. Na wewe, Koko, ukae kule kwenye makoti."

Nikakaa. Nikauma skafu yangu saa nzima na robo. Nimezaa watoto saba, lakini kunyamaza vile sijawahi. Mwishowe mwalimu akaweka mawe mawili pembeni mwa ubao, akainama. Nilidhani tumekwisha, mpaka nikamwona mjukuu wangu anaruka: kumbe ndivyo wanavyokubali kushindwa. Hapo nikaitoa skafu, nikapiga vigelegele mpaka makoti yakatikisika. Yule mzee wa kidole akaangalia dari.

Mwaka ule wote, kila Jumamosi, sura ya mwalimu ikitokea kwenye kompyuta, kwanza aliuliza Koko yuko wapi.

"Jikoni," mtoto alijibu, na kwenda kuufunga mlango.