Kikombe cha Mama Kwenye Simu

Video ile niliiona kwa mara ya kwanza kwenye simu ya mteja. Alikuwa amekuja kuchukua gauni la kipaimara la binti yake, hapa Soweto ya Mbeya ninakoshonea, na nilipokuwa namalizia vifungo nikamsikia anacheka peke yake.

"Fundi, hebu muone huyu bibi, jamani. Hawa watu watatuua!"

Akanigeuzia simu. Bibi mwenyewe alikuwa mama yangu mzazi.

Alikuwa amezibwa macho kwa mstari mweusi, kama mwizi aliyekamatwa. Lakini kitenge alichovaa nilikishona mimi, na ukuta ule wa jiko wenye masizi naujua. Mama anamimina togwa kwenye kikombe, anapiga funda moja, anafuta ukingo kwa kiganja, kisha anamkabidhi mgeni anayepiga video. Hapo video inarudi nyuma taratibu, duara jekundu linauzunguka mdomo wake, na sauti ya msichana inasema: "Umeona? Unaletewa ugonjwa mpaka mkononi, na bado unasema asante."

Sauti ilikuwa ya mdogo wangu.

Mdogo wangu anasoma mambo ya afya chuoni, Iringa mjini, na ana ukurasa wake mtandaoni anakofundisha watu usafi. Nani alikuwa anamsifia kuliko mimi? Ndoo ya koki iliyopo mlangoni kwangu niliiweka kwa sababu yake, na siku hizi hata wapita njia wananawa hapo kabla ya kula mahindi yao. Kila alichorusha nilikituma kwenye kundi la akina mama wa mtaani. Nilikuwa naandika, "Huyo ni damu yangu," halafu nakaa kusubiri pongezi.

Kwa asiyejua, kwetu Uheheni mwenye nyumba huonja kwanza. Kuonja ndiyo namna ya kumwambia mgeni kwamba humu hamna sumu wala mkono wa mtu, kunywa kwa amani. Mama anaonja hata anapowapa wajukuu. Na mgeni akikikataa kikombe kilichoonjwa, amesema neno zito bila kufungua mdomo: amemwita mwenye nyumba mchawi. Mdogo wangu hakuhitaji chuo kumfundisha hayo. Alikunywa kwenye kikombe hicho kabla hajaota meno.

Nilimpigia hapohapo, mteja bado kasimama.

"Dada, si nimemziba macho?" akasema. "Kwani nimedanganya? Hiyo ni elimu kwa jamii, na watu wanashea balaa."

"Mama anajua?"

"Nilimwambia napiga ya kumbukumbu."

Nikakata simu. Kuhusu mate alikuwa sahihi, na nisingebishana naye. Angeweza kumkalisha mama akamweleza, au angemwomba jirani aigize, au angechukua kikombe akaigiza yeye mwenyewe na huo mdomo wake uliopakwa rangi. Aliyedanganywa ni mama, na mdogo wangu amemdanganya ili awe mkweli kwa watu asiowajua. Nilikasirika mpaka sindano ikanichoma kidole, na yule mteja nikampa gauni lake bila kumwambia lolote.

Jumamosi nilifunga duka nikapanda basi la Iringa, kisha nikachukua bodaboda hadi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Tosamaganga. Nilimkuta mama jikoni, na pembeni yake ndoo ya togwa iliyojaa, imeshachacha. Jumuiya yao ya kanisa ilisali kwake wiki ile. Akina mama walikuja wote, wakaimba vizuri, ila kila mmoja alikuja na kichupa chake cha maji.

"Hata huyu wa hapa jirani," mama alisema. "Huyu tuliyesaidiana kulima miaka yote. Nimeonja, nimempa, anasema ameshiba. Ameshiba nini, na tumetoka kusali?"

Nikamwambia labda kweli alikuwa ameshiba. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mjinga.

"Mjukuu wake ameumwa tumbo juzi juzi. Niambie tu ukweli, mwanangu. Huku wananisema kwamba mimi mchawi?"

Mama hana simu ya kuonyesha picha. Yeye alikuwa amebaki na maana moja tu ya kikombe kukataliwa, ile aliyolelewa nayo, na alikuwa anazeeka nayo mbele ya macho yangu. Alikuwa amekonda. Nikiendelea kunyamaza, angebaki anaamini kwamba kijiji kizima kinamwita mchawi. Nikisema, nitakuwa nimemuuza kitinda mimba wake, yule aliyempata ukubwani na kumdekeza mpaka sisi wengine tukawa tunanuna. Nilimchukia mdogo wangu kwa kuniachia kazi hiyo.

Nikatoa simu, nikamwonyesha.

Alitazama kwa utulivu, simu kaishika kwa mikono miwili. Duara jekundu lilipotokea aliuliza ni nini, nikamweleza: mate, kikombe kimoja, magonjwa ya tumbo, watu wote wameiona. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka kweli, akajipiga paja.

"Kumbe ni mate tu! Jamani, si wangesema? Ningewapa kila mtu kikombe chake, vipo kabatini."

Nami nikacheka, mabega yakashuka, nikaona basi, yameisha. Nikanyoosha mkono kuchukua simu, lakini hakuniachia. Akataka aione tena kuanzia mwanzo. Safari hii hakuangalia kikombe. Aliangalia kile kipande kifupi cha mwanzo ambacho mimi sikuwa nimekitilia maanani, anapompokea mdogo wangu mlangoni, simu ikiwa tayari inarekodi, anacheka, anasema, "Karibu mwanangu, leo umenikumbuka."

"Hii ni siku ile mdogo wako alipokuja?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akanirudishia simu, akaanza kuimwaga togwa iliyochacha kwenye shimo la takataka nyuma ya jiko. Nilimfuata nimsaidie kuinua ndoo.

"Alikaa kidogo sana siku hiyo," alisema. "Hata kuku sikuwahi kumkamata. Mimi nikadhani anawahi gari."