Unga wa Karanga Zilizokataliwa

Tarehe 14 Agosti 2021 Nasilina Kamtedza alimzika mumewe, Yosofati, kijijini kwao Mchinji, Malawi. Ini ndilo lililomuua. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na matangani watu wakanong'ona kwamba amerogwa.

Misimu miwili baadaye Nasilina alikuwa bado anabangua karanga kama alivyofunzwa na mama yake. Anazimwagia maji zikiwa guniani, anaziacha zilale na unyevu, maganda yanalegea na vidole haviumi. Nzuri ni za kuuza. Zilizosinyaa na kubadilika rangi hazitupwi. Zinatwangwa kuwa nsinjiro, unga wa kuungia mboga na uji. Yosofati alikuwa hagusi mboga isiyotiwa unga huo.

Siku ya soko mnunuzi, Gositino, alitia mkono kwenye gunia lake, akanusa kiganja.

"Mama, hizi umeziogesha? Ulikuwa unazipeleka kanisani?"

Wanawake waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Nasilina hakukubali kushindwa. "Wewe mwenye vidole vya kushika mizani unajua nini? Njoo ubangue kavu, tuone kama hutamlilia mama yako."

"Nitamlilia, lakini hizi sichukui. Maji yanaleta ukungu, na ukungu huo una sumu. Inakula ini polepole."

Utani ukamwisha Nasilina. "Ini?"

"Ini. Na watoto wanadumaa."

"Si tunazipika? Moto hauiui?"

"Moto hauiwezi. Na hizo mbovu mnazotwanga ndizo zenye sumu zaidi. Msizile, mama."

Nasilina alijitwika gunia lake akarudi. Njia nzima alimwona Yosofati kitandani, amebaki mifupa, na yeye akimkorogea uji mzito wa nsinjiro ili apate nguvu. Ongeza kidogo, alikuwa akisema mgonjwa. Naye alikuwa akiongeza.

Nyumbani alimkuta binti yake, Lontia, akimlisha uji wa nsinjiro mwanawe Tawina, aliyekuwa amepitisha mwaka mmoja na nusu bila kusimama.

"Weka chini hilo bakuli."

"Kuna nini tena, mama?"

"Nimesema weka chini!"

Alipomweleza, Lontia alisonya. "Gositino huyo anatafuta bei ya kutupa. Sote tumekulia nsinjiro, mbona tupo?"

"Baba yako yupo?"

Lontia aliweka bakuli chini. Hakuna daktari aliyewahi kuwaambia ugonjwa ule ulitoka wapi, na sasa hakuna wa kuwaambia. Tawina alinyoosha mkono kulifuata bakuli, akilia. Nasilina aliutazama ule mkono mwembamba. Jana tu alikuwa akisema mtoto amefanana na babu yake.

Uji aliumwaga chooni. Unga uliokuwa koponi ukafuata, kisha gunia zima la karanga zilizokataliwa, ili hata kuku wasidonoe.

Kesho asubuhi watampeleka Tawina kliniki akapimwe. Karanga zilizobaki ghalani zikiwa bado na maganda zitabanguliwa kavu.