Simu Tatu za Bwana Mizani

Mume wangu alikagua mizani za madukani kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Bwana Mizani. Amestaafu, lakini kazi haijamtoka. Nikirudi na sukari ataishika kwanza mkononi, afumbe macho, kisha aniambie nimepunjwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa intaneti ya nyumbani umejitafutia balaa, na mimi nilijitafutia.

Binti yetu, kitindamimba, alikuwa amerudi nyumbani na kazi yake ndani ya kompyuta. Anahudumia wateja wa kampuni ya bima kwa sauti, kutoka chumba cha nyuma. Jumatatu moja sauti yake ikaanza kukatikakatika. Msimamizi wake hakuwa na simile: intaneti iwe imetulia kufikia Ijumaa, la sivyo ahamie ofisini, mji mwingine, mwendo wa saa sita. Binti akaanza kuulizia chumba cha kupanga huko. Mimi nililia jikoni, sifichi. Tangu arudi, nyumba ilikuwa imechangamka.

Baba yake hakulia. Alivaa miwani.

"Hawa wanatupunja," akasema. "Tumeahidiwa megabiti arobaini. Niachieni mimi."

Katika kazi yake, mizani moja haiaminiki. Unaleta nyingine mbili, unalinganisha. Kwa hiyo akachukua simu yake, simu yangu na simu ya zamani ya binti, akazipanga mezani, akabonyeza kipimo cha kasi kwenye zote tatu kwa mpigo. Kumi na nne, tisa, tatu. Akarudia: sita, kumi na saba, kumi.

"Umeona? Hazipatani!" Alifurahi utadhani amemkamata mwizi.

Kuanzia Jumanne akawa anapima kila robo saa, akijaza daftari. Nikimwambia chakula kinapoa, ananiambia nisimpotezee hesabu. Na kadiri alivyopima, ndivyo binti alivyozidi kukatika, mpaka nikasikia mteja mmoja akimuuliza kama yuko kisimani.

Alhamisi alipiga simu kampuni ya intaneti, akawaka mpaka wakamleta fundi mchana uleule: mwanamke mfupi, mcheshi, rundo la waya begani. Mume wangu akamfungulia daftari.

"Shikamoo, mzee. Vipimo vyote hivi umepima mwenyewe?"

"Marahaba. Kila robo saa. Simu tatu kwa pamoja, ili zisinidanganye."

Fundi akaziba mdomo, mabega yakamtikisika.

"Hebu zima mbili, mzee wangu."

Wakapima kwa moja. Thelathini na nane. Wakapima tena. Thelathini na tisa.

"Mfereji ni mmoja," fundi akasema. "Ukikinga ndoo tatu kwa wakati mmoja, kila ndoo inapata kidogo. Na kipimo hiki kinakunywa maji yote kinayoyakuta. Sasa dada kule chumbani abaki na nini?"

"Mbona Jumatatu alikatika, na mzee alikuwa hajapima?" nikauliza, maana haki ni haki.

Fundi akaenda chumba cha nyuma, akapima kwa simu yake. Nane. Kati ya chumba kile na ruta ya sebuleni kuna kuta mbili nene. Akavuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye meza ya binti, akaupigilia pembeni vizuri, nusu saa kazi imekwisha.

"Ya Jumatatu ni kuta," akasema akikusanya vifaa. "Ya Jumanne mpaka leo, muulizeni mzee."

 Mume wangu alitazama zile simu, akatazama daftari.

"Kumbe mbovu ni mpimaji," akasema hatimaye. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ijumaa msimamizi alisikiliza simu za binti asubuhi nzima. Hakuna aliyethubutu kugusa chochote. Mume wangu alikaa kwenye kochi, mikono ameikalia. Saa sita mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka.

"Nabaki!" binti akapiga kelele. "Wamesema nibaki hukuhuku!"

Mume wangu akavua miwani, akajifuta macho bila kujificha.

"Nilikuwa naogopa utaondoka, mwanangu. Ndiyo maana nilishindwa kuacha kupima."

Binti akamkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Baba," akasema, "umenipenda nusura unihamishe."