Daktari wa Pili wa Wodi ya Akili

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya magonjwa ya akili, Kakamega, msimamizi wa hospitali alinikabidhi funguo akasema, "Karibu, daktari. Aliyekutangulia hakumaliza mwaka." Nilidhani ananitania.

Wagonjwa walitoka Butere, Mumias, hata Mautuma, wengine wakiwa wamefungwa kamba na jamaa waliochoka. Daktari wa akili nilikuwa peke yangu, na nilikuwa "wa kuitwa" daima: hata nikiwa kanisani, simu ikilia naondoka. Baadaye nikapewa kazi ya kuzungukia kliniki za vijijini, na daktari kijana akaletwa kushika wodi. Huyo akaondoka. Wa pili, Were, naye akaenda Nairobi. Mimi nililaumu mishahara.

Kisha akaja Ayuma, binti wa mkulima wa miwa, mpole na hodari. Asubuhi moja aliniambia, "Mama, nataka kuhamia wodi ya watoto."

"Ni pesa?"

"Hapana. Yule mgonjwa kijana niliyemruhusu aende nyumbani alijaribu kujiua. Ameokolewa, lakini sina wa kumuuliza kama nilikosea. Nikienda nyumbani, baba anasemanga nitapata wazimu kama hao ninaowatibu."

Nilimsihi asubiri kidogo, nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi kuomba daktari mwingine.

"Mmoja anatushinda kumweka," alisema, "wewe unataka wawili?"

"Anatushinda kwa sababu ni mmoja, bwana mkubwa."

Aliahidi kuipigania nafasi hiyo. Ilichukua muda, lakini ilipatikana. Nikampigia Were simu.

"Nikirudi, nitakuwa peke yangu tena?" aliuliza.

"Hapana. Utamkuta mwenzako."

Alirudi. Wakagawana zamu za kuitwa, na kila Ijumaa tuliketi watatu kwa chai na viazi vitamu, kila mmoja akieleza mgonjwa aliyemtatiza. Ayuma hakuitaja tena wodi ya watoto.

Siku nilipostaafu, niliwafuata wodini mara ya mwisho. Walisimama kando ya kitanda cha mama mmoja wakibishana: Were alitaka dawa iongezwe, Ayuma akitaka ipunguzwe. Walibishana kwa heshima mpaka wakakubaliana. Hakuna aliyegeuka kuniuliza mimi. Nilivua koti langu jeupe, nikaenda nyumbani, nikalala usingizi mzito.