Spika ya Kulia Iliyokuwa ya Kushoto

Saa mbili asubuhi, Verediana Bonaventura anafungua milango ya bati ya banda lake karibu na soko la Biharamulo mjini. Kabla hajagusa kitu kingine anachukua kipande cha kanga na kufuta vumbi kwenye spika ndefu iliyosimama pembeni peke yake. Inamfika kiunoni. Juu yake kuna karatasi ngumu iliyoandikwa kwa kalamu nzito: HAIUZWI.

Karatasi hiyo haimzuii mtu. Nusu saa haijapita, anaingia Wiston, mwenye baa njia ya Lusahunga, na hii ni mara yake ya tatu mwezi huu.

"Dada, mimi sihitaji mbili. Nipe hiyo moja, laki sita mkononi."

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe gani asiyefika miezi saba?"

Verediana anavuta redio ya mtu iliyofumuliwa tangu jana na kuwasha hita ya kulehemu. Wiston anaikagua ile spika tena, anatikisa kichwa, anaondoka.

Kwa fundi anayepata shilingi elfu ishirini siku ikiwa nzuri, na elfu tano mvua ikishika, kukataa laki sita kunahitaji maelezo. Verediana, mwenye miaka 39 na anayeifanya kazi hii kwa mwaka wa kumi na nne, hana haraka ya kuyatoa. Anaanzia mbali, kwenye spika zenyewe.

"Watu wakija kununua spika za kusimama wanauliza mambo mawili, ina taa na ina mdundo," anasema. "Za dukani, mpya, zina vyote. Taa, rimoti, tundu la fleshi. Si mbaya. Mtoto akipata kipaimara, mtaa mzima utacheza."

Kisha anainama na kuligonga boksi la spika mpya kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji. Linatoa mlio wa ngoma tupu. Anaigonga ile ya pembeni, inajibu kwa ufupi, kama ukuta. Hiyo ni ya mtumba, nzito kilo ishirini na tatu. Aliinunua pamoja na pacha wake kwa mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba Ngara. Haina taa hata moja.

Ushauri wake kwa mnunuzi ni mmoja: njoo na sauti ya mtu unayemjua. Spika zote zinajua kupiga kelele. Ukitaka kujua ipi inasema kweli, iwekee sauti ambayo haiwezi kukudanganya.

Ushauri huo, anakiri, hakuwa nao kabla ya Agosti mwaka jana. Alifundishwa na mteja.

Mteja huyo ni Ildefonsa, mkulima wa kahawa wa miaka 68 kutoka Bukiriro, wilayani Ngara. Alifika bandani na ndala zenye udongo mwekundu na fleshi iliyofungwa kwenye pindo la kitenge. Mumewe, Sindayigaya, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, baada ya kuimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kigango kwa miaka ishirini na sita. Sauti yake ilibaki kwenye wimbo mmoja tu, uliorekodiwa kanisani mwaka 2005 na shemasi mgeni aliyekuja na kinasa sauti cha maiki mbili. Kwenye redio yake ndogo Ildefonsa alisikia kwaya. Sauti ya mumewe hakuisikia.

"Picha ninazo nne," anasema Ildefonsa. "Sauti ndiyo ilikuwa inanipotea. Kuna asubuhi niliamka, nikaitafuta kichwani, nikaikosa kabisa. Niliogopa."

Verediana anaona aibu kusimulia kilichofuata. "Nilimwangalia miguu, nikamwonyesha za bei ndogo. Nikamwambia, bibi, hizi zinakutosha."

Aliweka fleshi, akapandisha sauti. Banda likatetemeka.

"Bezi naisikia, mwanangu," Ildefonsa akamwambia. "Mwenyewe simsikii."

Ndipo Verediana alipohamishia waya kwenye zile za mtumba, kwa kumridhisha tu. Ildefonsa alisikiliza akiwa amesimama. Baada ya muda akavuta kiti cha plastiki, akakiweka kando ya spika moja, akakaa, akajifunika uso kwa kitenge. Alilia mpaka wimbo ukaisha. Verediana, ambaye hajui kumbembeleza mtu, aliuanza wimbo upya.

Hesabu ndiyo ilikuwa ngumu. Zile mpya ziliuzwa laki tatu na themanini kwa jozi. Za mtumba zilikuwa milioni moja na laki mbili. Fedha ya kahawa aliyokuja nayo Ildefonsa ilikuwa laki sita na nusu. Akarudi Bukiriro kufikiri.

Siku ya tatu akapiga simu. "Shikamoo bibi," alianza Verediana. "Marahaba," Ildefonsa akaitikia. "Nimeamua. Niletee moja, ile ya kurira."

"Sikushangaa," anasema Verediana. "Huku l na r tunazichanganya. Mimi mwenyewe nikiwa na haraka nasema nakwenda kurara. Nikajua anataka ya mkono wa kulia."

Kilichomshughulisha ni hiyo moja. Kutenganisha spika pacha ni kuziharibia soko zote mbili, na fedha ya jozi ile alikuwa ameipangia kukodi chumba cha pili, chenye viti, ambako mteja angesikiliza bila kelele za sokoni. Alikaa na jambo hilo siku mbili. "Nilikuwa namwona na kile kitenge usoni. Nikasema, chumba kitasubiri."

Akaibandika spika ya kulia alama, akaifunga blanketi, akapanda nayo basi hadi Ngara, kisha bodaboda. Njiani wazee wawili walivua kofia, wakidhani ni msiba unapita. Verediana aliwapungia mkono, jambo ambalo bila shaka liliwashangaza zaidi.

Nyumbani kwa Ildefonsa aliiunganisha na amplifaya kuukuu aliyoitoa zawadi, upande wa kulia kama ilivyo desturi, akawasha. Ziliimba sauti za wanawake, safi kabisa. Wanaume walisikika kwa mbali, kama wako nje ya kanisa. Sindayigaya hakuwamo.

Ildefonsa alisimama. "Umeniletea nyingine. Hii siyo ya kurira."

"Ni ya kulia, bibi. Nimeiwekea alama kwa mkono wangu."

"Siyo."

Walibishana hivyo mpaka Ildefonsa alipochoka maneno, akaweka kidole chini ya jicho, akakishusha taratibu shavuni. Kwa Kihangaza, kurira ni kutoa machozi. Alitaka ile aliyokaa kando yake akalia. Na kiti cha plastiki, Verediana akakumbuka, kilikuwa kando ya spika ya kushoto.

"Nilitaka kucheka na nilitaka kulia," anasema. "Ya kurira ilikuwa ya kushoto."

Boksi lenyewe halikuwa na kosa. Siku ile ya mwaka 2005, sauti ya nne ilisimama mbele ya maiki ya kushoto na wanawake mbele ya maiki ya kulia. Verediana alijaribu kuchanganya pande zote kwenye spika ile moja, wanawake wakamfunika Sindayigaya. Akachomoa waya, akauhamishia tundu la kushoto la amplifaya.

Sindayigaya akaimba, karibu kabisa, hata pumzi anayovuta kabla ya kiitikio ikasikika. Safari hii Ildefonsa hakulia. Alikaa mikono mapajani, akawa anaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo anamsikiliza kila asubuhi akishafunga mbuzi, mara moja tu. "Nikizidisha nitamchosha," anasema.

Kabla ya kuondoka siku ile, Verediana alimuuliza kuhusu wale wanawake. Palikuwa na sauti ya kwanza moja iliyopanda juu ya zote. Ni nani yule?

Ildefonsa alicheka, akatazama chini. Ilikuwa yake. Waliimba kwaya moja, yeye upande huu, mume upande ule. Na sasa mume alikuwa Bukiriro, na yeye amebaki Biharamulo, kwenye spika ya pili.

Verediana aliporudi bandani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuandika ile karatasi. Chumba cha kusikilizia bado anakitaka, na ameshakiona kimoja nyuma ya soko. Anasema atakikodi siku spika hiyo itakapoondoka kwenda inakotakiwa.

Mibuni ya Ildefonsa mwaka huu imezaa vizuri, na mavuno ni Julai. Akiuza, atashuka Biharamulo mwenyewe kuichukua. Wakati mwandishi wa makala hii anaaga, Ildefonsa alimfuata hadi barazani na ujumbe wa kupeleka.

"Mwambie Verediana asubiri kidogo," alisema. "Mwambie asiniuze."