Kigugumizi cha Anatoli

Klementina wa Ngulyati alikuwa fundi cherehani, lakini wanawake wa jirani hawakujaa barazani kwake kwa ajili ya nguo tu. Jua likikaza aliacha kushona, akawasomea hadithi kwa sauti huku wenzake wakichambua choroko. Mwaka jana riwaya moja ya mapenzi iliwateka. Nyanzobe, msichana wa hadithi hiyo, alikuwa na mdomo. Alimkataa tajiri wa pamba mbele ya wajomba zake, akampenda Anatoli, mchunga ng'ombe mwenye kigugumizi aliyeogopa hata fahali wake mwenyewe.

Akifika hapo Klementina alikuwa akishusha kitabu kwanza. Joakim, mumewe, ana kigugumizi tangu utotoni. Siku ya kuposa alikwama kwenye neno moja mpaka baba mkwe akamwagizia maji. Katika vitabu vyote alivyosoma, Klementina alikuwa hajakutana na mtu wa namna hiyo ila wa kuchekwa. Huyu alipendwa.

Sehemu ya pili ilipofika mjini Bariadi, alikwenda kuinunua siku hiyo hiyo. Wanawake wakakaa tayari. Ukurasa wa kwanza, Anatoli anashuka kwenye gari jeusi, mrefu, manukato yananukia, anamwaga maneno kama maji ya bomba. Nyanzobe analia. Ukurasa unaofuata analia tena. Mdomo wake wote umekwisha. Kazi yake ni kuegemea kifua cha mwanamume.

Klementina akafunga kitabu kwa kishindo.

"Endelea, mayu," alisema Milembe, jirani yake, akimwita mama kwa Kisukuma. "Si wameshapata raha?"

"Raha gani? Hawa ni sanamu za dukani! Kigugumizi kimeenda wapi? Nani kakitibu?"

"Ni hadithi tu."

"Basi ile ya kwanza mbona ilikuliza?"

Milembe akainamia choroko zake.

Namba ya mwandishi ilikuwa nyuma ya jalada. Klementina akapiga palepale, akaweka spika ili wote wasikie. Mwandishi alipokea kwa uchangamfu, akidhani kapata msomaji wa kumsifu. Alipoulizwa habari za Anatoli, akacheka.

"Mama yangu, kigugumizi kinachelewesha mapenzi. Wasomaji wanataka mwanamume kamili."

Joakim alikuwa amesimama mlangoni, ametoka shambani na jembe begani. Alikuwa amesikia kila neno. Akanyoosha mkono, mkewe akampa simu.

"Mi-mi-mimi," alianza, akakwama. Hakuna aliyemsaidia. Shingo ikamvimba, akavuta pumzi, akarudi tena. "Mimi ni-nimeoa. Ni-nina watoto wanne. Ni-ni-nimepungukiwa nini?"



"Samahani, mzee," mwandishi alisema. "Niliandika kwa haraka. Wachapishaji walikuwa wananidai kitabu."

"Haraka yako imeidhalilisha familia yangu!" Klementina alifoka. "Na Nyanzobe umemkata ulimi. Yule wa kwanza angekuuliza mwenyewe, nisingehangaika kukupigia."

Akachukua simu, akaikata. Joakim akanawa, akaketi miongoni mwa wanawake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaomba asomewe ile ya kwanza, tangu mwanzo. Milembe ndiye aliyekwenda ndani kuileta.

Hasira ya Klementina haikuisha jioni ile, wala wiki iliyofuata. Aliporudi mjini kununua uzi, muuza vitabu alimwita kwa furaha akamwambia sehemu ya tatu inakuja.

"Ikija," alimjibu, "nitaisoma hapahapa kwako nimesimama. Anatoli na Nyanzobe wakiwa bado sanamu, sitaingia nao nyumbani."